Nina siku 28 za likizo na hela ya mchezo: magofu, mji uliochangamka na maajabu ya asili, nianzie wapi kutokea Kigoma?

Mwana Kibirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli.

Mimi niko maabara ya hospitali hapa Kigoma mjini, mama watoto anauza dagaa Kibirizi. Ndoa yetu ina miaka kumi na moja na hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenye misiba na harusi. Mwaka huu mwenzangu kapokea mchezo, mimi nina likizo, watoto wanakwenda kwa bibi yao Kasulu. Tumeapizana kwamba hela hii haigusi bati, haigusi kiwanja, haigusi ada. Tunatembea.

Ugomvi ni wapi. Yeye anataka mji: soko kubwa, taa, watu wanaopita mpaka usiku wa manane. Mimi tangu niko shule napenda magofu, kuta zilizojengwa na watu waliokufa zamani. Na wote wawili tunataka kitu kimoja cha Muumba, kile ambacho ukisimama mbele yake mdomo unajifunga wenyewe.

Jamaa mmoja kazini kanishauri Misri. Mwingine kasema Petra, kule Jordan. Nimeulizia nauli ya ndege, nikarudi kwenye darubini yangu kimya kimya.

Swali: kwa basi, boti na miguu, kutokea hapa, safari gani inabeba vyote vitatu? Tunazo milioni tano, watu wawili. Nawasilisha.

Kaa la Moto

Ngoja waje wenye pasipoti zenye mihuri. Mimi nimekaa pembeni na karanga zangu.

Pwani Tulivu

Kilwa tu mkuu. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, ukivuka maji kuna Songo Mnara. Vipo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Unakula pweza, unalala.

Mwana Kibirizi

Kilwa naiheshimu, ila mji uliochangamka utanionyesha wapi? Mama watoto kasoma jibu lako, kaniuliza kama Kilwa Masoko taa za barabarani zinawaka.

Pwani Tulivu

Huyo shemeji mkorofi.

Bibi wa Ujiji

Mwanangu, kabla hujafika Petra nikuulize swali moja. Kwenye mwembe wa Ujiji umefika?

Mwana Kibirizi

Shikamoo bibi. Napita hapo karibu kila wiki.

Bibi wa Ujiji

Marahaba. Kupita si kufika.

Pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871. Mzee wa watu alikuwa hoi, karudi kutoka Manyema amekonda, anakuta shehena aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa yote na aliyekabidhiwa kuitunza. Hana hata kitambaa cha kununulia chakula. Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni, kisha akarudi mbio kumwambia bwana wake kuna Mzungu anakuja. Ile salamu ya Stanley mnaikariri wote, jina la Susi mnaliruka. Huyo Susi, na Chuma na wenzao, ndio waliobeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Alikufa Mei 1873, walifika pwani Februari 1874. Kwa miguu.

Mtaniambia Ujiji hakuna magofu. Kweli, hakuna kuta za kupigia picha, kwa sababu Ujiji ilijengwa kwa udongo na udongo hausubiri watalii. Tembe ikiachwa misimu michache ya mvua inageuka shamba la muhogo. Kilichobaki ni miembe. Wazee wetu wanasema njia ya misafara unaijua kwa miembe: watu walikula wakitembea, wapagazi kwa watumwa, wakatupa kokwa. Mwembe wenyewe wa mwaka ule ulishakufa, iliyopo ni miche iliyotokana nao.

Na ukifika kwenye mnara, usitazame mnara peke yake. Geuka utazame ziwa liko wapi. Zamani maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa lilishuka baada ya 1878, lilipojifungulia njia kwenye mto Lukuga upande wa Kongo. Miaka hii limepanda tena, watu wa mwaloni mnajua wenyewe limewafanya nini.

Nenda. Kisha ndiyo uniambie habari za Petra.

Mnyamwezi wa Cheyo

Bibi kaongea, ila Kigoma msijifanye hadithi inaishia kwenu. Stanley na Livingstone walitoka huko wakaja Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, mwanzoni mwa 1872. Livingstone akabaki pale akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Tembe lipo, limejengwa upya kwa mfano wa lile la kwanza. Kuta nene za udongo. Ingia mchana wa jua kali uone ubaridi wake.

Mjini kuna Boma la Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Tabora iligeuzwa makao makuu ya koloni lote, mpaka Wabelgiji walipoingia Septemba 1916. Shule ya wavulana aliyosoma Mwalimu bado inafundisha. Mkutano wa TANU wa 1958 uliokubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu ulifanyika hapahapa. Na kuna Isike, mtemi wa Unyanyembe. Mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu ndani ya ngome yake, aliwasha baruti akajilipua kuliko kukamatwa. Mtu wa namna hiyo angekuwa wa Ulaya, pangekuwa na foleni ya tiketi.

Kaa la Moto

Sawa, magofu tumepata, mji tumepata. Maajabu ya asili ya Tabora?

Mnyamwezi wa Cheyo

Asali.

Kaa la Moto

Mkuu, asali si maporomoko.

Mnyamwezi wa Cheyo

Hujaonja ya miombo.

Mzee wa Lori

Vijana, mimi nimeendesha malori Tunduma, Lusaka, Harare miaka kumi na minne. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Mpanda. Huyu kijana kauliza vitu vitatu, mnampa kimoja kimoja.

Elekea kusini. Kigoma, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma. Unavuka Nakonde, umeingia Zambia. Mtanzania haombi viza Zambia wala Zimbabwe. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka mpakani mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, kwa hiyo laleni njiani, msijifanye mashujaa. Lusaka mpaka mji wa Livingstone ni kama 480 nyingine.

Ukishuka Livingstone utasikia kabla ya kuona. Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Sikiliza jina lenyewe: mosi, moshi. Upana mita 1,708, maji yanaanguka mita 108. Yule mzee wenu wa Ujiji alifika hapo Novemba 1855, akapapa jina la malkia wake, kana kwamba hapakuwa na jina. Mkimaliza mnavuka kwa miguu juu ya daraja la mwaka 1905, Zambezi iko chini huko inachemka, na ng'ambo ni Zimbabwe.

Bulawayo ndio mji wa mama watoto. Barabara zake pana ajabu. Wenyewe wanasema zilipimwa ili gari la kukokotwa na ng'ombe ligeuze bila kurudi nyuma. Kutoka hapo mnakwenda Masvingo, na karibu na Masvingo ndipo penye Great Zimbabwe. *Dzimba dza mabwe.* Nyumba za mawe. Hapo unahitaji mkalimani wa nini?

Angalieni mwezi. Mkienda Oktoba au Novemba, upande wa Zambia mtakuta mwamba mtupu, maji yamebaki upande wa pili. Mkienda Aprili maji ni mengi mpaka huoni kitu, ni ukungu tu na kulowa. Juni na Julai ndio kipimo. Ila baridi ya Zimbabwe mwezi wa sita si ya Kigoma, bebeni sweta za maana. Na dola ziwe noti ndogondogo. Chenji kule ni vita.

Kalamu Nyekundu

Mzee umemaliza. Niongeze kitu ili Pwani Tulivu asinune. Mawe ya Great Zimbabwe na magofu ya Kilwa yanajuana. Dhahabu ya bara iliteremka mpaka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na Sofala kwa muda mrefu ilikuwa mkononi mwa Kilwa. Kule Great Zimbabwe imepatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, huyuhuyu wa Husuni Kubwa, pamoja na vipande vya vyombo kutoka China. Kwa hiyo bwana maabara anakwenda kuwaona wateja wa Kilwa.

Pwani Tulivu

Nimeridhika.

Kaa la Moto

Kwa nini wasipande meli ya Liemba mpaka Mpulungu wakaingia Zambia kwa maji? Si ndio raha yenyewe hiyo.

Mtoto wa Bandari

Liemba imekuwa kwenye matengenezo siku nyingi, usimpangie mtu likizo juu yake. Lakini shemeji aende bandarini aitazame. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku kama elfu tano, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, mashine wamezipaka grisi kama watu waliokusudia kurudi. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina hili tunalolijua. Kama unatafuta gofu, hilo linaelea.

Mwana Kibirizi

Wakuu, kikao cha ndani kimeisha. Njia ni ya Mzee wa Lori, lakini tunaanzia kwa Bibi. Tunaondoka mwezi wa sita. Mrejesho utakuja, bando likiruhusu.

Kaa la Moto

Bila mrejesho tutajua mchezo ulikwenda kwenye bati.

Mwana Kibirizi

MREJESHO WA KWANZA.

Bibi, nimefika. Mzee anayetembeza wageni alitupokea kwa hadithi aliyokwisha kuisema mara nyingi mno. Anajua mahali pa kunyamaza na mahali pa kuinua kidole. Ndani kuna sanamu za wale wawili wakivuliana kofia. Mama watoto akazizunguka mara mbili, akauliza: "Na Susi yuko wapi?" Mzee akacheka sana, akasema mwaka huu wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Baada ya hapo alitutembeza upya, safari hii bila kukariri. Akatuonyesha ziwa lilipokuwa na lilipo. Miaka yote naishi hapa sikuwahi kujua kwamba ninapopita na pikipiki pengine ni chini ya maji ya zamani.

Gombe tulikwenda kwa boti ya abiria kutoka Kibirizi, ileile ambayo mwenzangu amezoea kuisikia ikinguruma asubuhi akiwa na beseni lake. Watalii wanakodi boti ya kasi. Sisi tulikaa juu ya magunia na kuku wawili wa mtu. Ada ya Mtanzania ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni. Nasema hivi kwa wale wanaodhani hifadhi ni za Wazungu.

Tulipanda mlima kama saa mbili na nusu nyuma ya mwongozaji, magoti yakaanza kuuliza maswali. Kabla ya kuwakaribia sokwe akatugawia barakoa. Mama watoto akadhani ni sababu ya harufu. Hapana: mafua yetu yanawaua. Mimi mtu wa maabara nilielewa mara moja, nikaifunga vizuri kuliko kazini.

Kisha tukawaona. Mama mmoja alikaa anatafuna matunda, mgongo kwetu, hana habari nasi. Mtoto wake kaning'inia kwa mkono mmoja, anazidi kusogea pembeni huku anamtazama mama kama ameona. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akamshika mguu, akamvuta, akaendelea kula. Mwenzangu akanikanyaga kiatu: "Hivyo hivyo ndivyo ninavyomshika Juma sokoni."

Jane Goodall alifika huko Julai 1960 akiwa na mama yake mzazi, maana wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali binti akae porini bila mtu wa kwao. Mwaka huohuo akamwona sokwe anachokonoa kichuguu kwa jani la nyasi kuvua mchwa, na wasomi wakalazimika kufikiri upya habari ya binadamu kuwa peke yake ndiye mwenye zana. Amefariki Oktoba 2025. Mwongozaji alipomtaja alimwita "mama" tu, bila jina.

Bibi wa Ujiji

Mkeo ana akili. Mwambie namsalimu.

Mwana Kibirizi

MREJESHO WA PILI, nikiwa Sumbawanga.

Basi liliharibika katikati ya Uvinza na Mpanda. Kampuni siitaji. Tuliambiwa spea iko njiani. Ilikuja saa saba usiku kwenye bodaboda, imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi kama kuku. Abiria mmoja alikuwa na chumvi ya Uvinza, mwingine mihogo, mama watoto ana ndoo ndogo ya dagaa wa kukaanga. Tulikula vizuri kuliko hotelini, nisiseme uongo.

Chumvi ile, kumbe nayo ni habari. Mzee aliyekaa karibu nasi anasema babu zake waliichemsha kutoka kwenye chemchemi za Malagarasi.

Kalamu Nyekundu

Na babu wa babu zao. Wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale majiko na vigae. Chumvi imechemshwa Uvinza zaidi ya miaka elfu moja. Hilo ndilo gofu la mkoa wenu, liko chini ya miguu na mnalitia kwenye mchuzi. Maporomoko ya Kalambo vipi?

Mwana Kibirizi

Ndiyo nakuja huko. Kutoka Sumbawanga ni Matai, kisha Kapozwa. Unafika juu, unasikia upepo, huoni kitu. Unasogea, unashika kizuizi, halafu ardhi inakwisha. Maji yanashuka mita zaidi ya mia mbili kwa mara moja, hayagongi kitu njiani. Yanaanza kama mto, yanafika chini kama vumbi. Ng'ambo ile ni Zambia. Kuna ngazi za kushuka. Tulishuka vizuri, kupanda sitaki kuzungumzia.

Mdomo ulijifunga. Nilidhani itatokea kule kwa moshi unaonguruma, imetokea Rukwa, na tulikuwa sisi wawili, mlinzi na mbwa.

Kalamu Nyekundu

Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, ndipo palipopatikana magogo mawili yaliyochongwa yakapandana, moja limewekewa pengo likae juu ya jingine. Matokeo yalitangazwa 2023: umri wake miaka kama 476,000. Mti kudumu hivyo ni kwa sababu ulikaa ndani ya tope lenye maji. Aliyechonga hakuwa hata binadamu wa aina yetu. Kwa hiyo ulisimama kwenye karakana ya seremala mkongwe kuliko wote tunaowajua.

Kaa la Moto

Miaka laki nne na elfu sabini na sita na gogo bado lipo. Mimi kitanda nilichonunua juzi kimeshalegea.

Mwana Kibirizi

MREJESHO WA TATU. Livingstone, Zambia.

Mzee wa Lori hakudanganya, tulisikia kwanza. Nilidhani ni lori linapanda mlima. Kisha tukaona moshi juu ya miti, na kila tukisogea moshi unakuwa mvua. Kuna daraja jembamba la wapita kwa miguu mbele ya maporomoko, pale unalowa kutoka chini kwenda juu, matone yanapanda. Walikuwa wanakodisha makoti ya mvua, nikajifanya mwanamume. Nimelowa mpaka kwenye pochi. Upinde wa mvua ulikuwa chini yetu, duara karibu zima, mtu anauangalia kama anavyoangalia sufuria.

Sasa msiba. Tukatoka nje tukakaa kwenye jiwe tujikaushe. Mama watoto akafungua ndoo ya dagaa. Nyani akatokea, hakukimbia wala hakutisha mtu, alitembea tu kama mwenye mali, akaichukua ndoo kwa mshikio, akakaa hatua kumi hivi kutoka kwetu. Akaonja mmoja. Akatutazama. Akala ndoo nzima, huku wageni wakimpiga picha.

Mwenzangu hakusema kitu kwa muda. Halafu: "Angalau anajua kitu kizuri."

Mnyamwezi wa Cheyo

Ndio maana nilisema asali. Nyani asingeweza kufungua chupa.

Mzee wa Lori

Nilisahau kuwaonya, hao nyani nawajua kwa sura.

Mwana Kibirizi

Mwenye simu kalala, naandika mimi, mama watoto. Shikamooni wakubwa.

Tuko Bulawayo siku ya tatu. Mji nimeupenda. Barabara zenyewe mtu anavuka anachoka katikati. Baridi ndiyo sikuitegemea, asubuhi moshi unatoka mdomoni kama tunavuta sigara. Watu wapole, Kindebele sikijui ila nikisema "amanzi" nikipewa maji najiona mwenyeji. Bei za nguo siwasifu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jana nimeingia sokoni kutazama wenzangu wanapangaje biashara. Mnajua mtu wa dagaa haoni maua, anaona dagaa. Nikafika kwenye meza ya mama mmoja, ana mafungu ya samaki wadogo wakavu, anawaita kapenta. Nikasimama. Nikaokota mmoja, nikamgeuza tumbo, nikatazama kichwa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha mwaloni: hawa ni wetu. Akasema hapana, wa Kariba. Nikamwambia mama, mimi nawaanika hawa tangu nina miaka kumi na sita, hawa ni wa Kigoma. Akacheka, akaita jirani yake, jirani akaita mwingine. Mume wangu anasema nimekosea, Kariba ni bwawa, dagaa wa Tanganyika atafikaje. Wataalamu nisaidieni nimshinde huyu mtu.

Mvuvi wa Mwanga

Dada umeshinda, kamwamshe. Bwawa la Kariba lilipokamilika 1959 na maji kujaa, samaki waliokuwepo walikuwa wa mtoni, hawakuzoea kukaa katikati kwenye kina. Sehemu kubwa ya maji ikawa tupu. Basi 1967 na 1968 wakachukuliwa dagaa wachanga kutoka Ziwa Tanganyika, wakamwagwa Kariba. Wakazaana hasa. Wengine wakapita hata ukuta wa bwawa wakashuka na Zambezi mpaka Cahora Bassa, Msumbiji. Hao uliowashika ni wa ukoo wa ziwa letu, wale wakubwa kidogo kati ya aina mbili tunazovua hapa.

Mwana Kibirizi

Kaamshwa. Kasoma. Karudi kulala.

Bibi wa Ujiji

Nasema tena, mkeo ana akili.

Mwana Kibirizi

MREJESHO WA NNE. Ni mimi mwenyewe, nimeshashindwa na nimekubali.

Great Zimbabwe. Nianze na mkono, siyo macho: jiwe lina baridi, limekatwa kama tofali, na hakuna udongo wala saruji kati yake na jirani yake. Nilijaribu kuingiza ukucha. Ukuta wa boma kubwa unapanda mpaka mita 11 na unazunguka kama mita 250, umelala jiwe juu ya jiwe kwa uzito wake tu tangu karne za 11 hadi 15. Kuna njia nyembamba kati ya kuta mbili, mnapita mmoja mmoja, mbingu inabaki utepe juu. Mama watoto alitangulia, nikamsikia sauti tu. Mwisho wa njia kuna mnara mnene usio na mlango wala dirisha. Hakuna mtu anayejua ulikuwa wa nini, na mwongozaji wetu hakujifanya kujua, nikamheshimu.

Akatupa kisa kimoja ambacho ningependa Bibi akisikie. Mjerumani Carl Mauch alifika hapo 1871. Mwaka uleule wa mwembe wa Ujiji! Akakwangua ubao wa juu ya mlango, akaunusa, akaona unafanana na mti wa penseli yake. Penseli ni mwerezi. Mwerezi ni wa Lebanoni. Kwa hiyo haya ni majengo ya Malkia wa Sheba. Kwa penseli! Na serikali za walowezi zikashikilia hadithi za namna hiyo, ati si kazi ya Mwafrika, hata baada ya wachimbaji kusema wazi 1905, na tena 1929, kwamba ni kazi ya watu wa hapohapo. Nchi ilipojitawala 1980 ikachukua jina la mawe yenyewe.

Mishubiri ilikuwa imechanua mekundu kati ya mawe. Nimekaa pale mpaka walinzi wanafunga.

Nilifikiria sana lile neno la Bibi kuhusu udongo. Hawa walikuwa na granite inayobanduka yenyewe kwa mabapa, wakajenga kwayo. Wetu walikuwa na udongo na mvua. Huko njiani nimeanza kuhesabu miembe.

Kaa la Moto

Gharama mkuu. Usikwepe.

Mwana Kibirizi

Tumerudi na laki mbili na kidogo. Kilichokula hela ni malazi Livingstone na ule mpaka ambao tulibadilisha fedha kwa haraka. Msibadilishe kwa vijana wa barabarani, hesabuni dukani, polepole. Siku zimetumika 24 kati ya 28, tatu kati ya hizo ndani ya mabasi bila kushuka isipokuwa kujinyoosha.

Mzee wa Lori

Safari ijayo piteni Mpanda niwachinjie kuku.

Mvuvi wa Mwanga

Swali langu ni kwa dada. Hao dagaa wa Kariba mmeleta hata kilo moja tuonje?

Mwana Kibirizi

Mama watoto anajibu:

Nimeleta kilo mbili, nimewapa wenzangu Kibirizi bila kuwaambia wametoka wapi. Wakala. Mmoja akaniuliza nimewatoa mwalo gani, mbona wadogo hivi, na nani kawatia chumvi yote hii.